Msaada wadau: narudia Kiingereza na Litricha Novemba hii, madesa ninayo tele lakini kichwa hakishiki

#1 Kopi Kumi (mleta uzi)

Habari za jioni wana jukwaa.

Nina miaka 24, niko Morogoro. Kidato cha Nne nilitoka na D ya Kiingereza na F ya Litricha. Hiyo F sijawahi kuielewa, maana siku ile nilijaza karatasi mpaka nikaomba nyingine, nikatoka chumbani nacheka. Mwaka huu nimejisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, nataka angalau C kwa yote mawili.

Kazi yangu ni stationeri, geti la shule liko hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Kutwa natoa kopi. Ukiacha vyeti vya kuzaliwa na barua za serikali ya mtaa, kinachonilisha ni madesa, yaani uchambuzi wa vitabu vya Kiingereza. Tamthiliya moja kurasa sita, ukurasa shilingi mia, kwa mia sita mtoto amemaliza kitabu. Masta, ile nakala mama ninayotolea kopi, sijui nani aliiandika, niliikuta dukani. Ina doa la chai ukurasa wa pili, na doa hilo limeshaingia kwenye kila begi la mtaa huu.

Nimeyakariri yote. Juzi mdogo wangu wa Kidato cha Tatu ananisikia napiga msuli, akaniuliza, "Dada, kwani huyo Juliette mwenyewe alikuwa anataka nini?" Nikakosa jibu. Najua dhamira saba za tamthiliya ile, Three Suitors, na sijui msichana alikuwa anataka nini.

Vitabu vyangu: Three Suitors: One Husband, The Lion and the Jewel, Weep Not, Child, Passed Like a Shadow, na mashairi ya Growing Up with Poetry. Miezi mitatu imebaki. Nianzie wapi? Ushauri nataka, kejeli mwekeni akiba.

#2 Jogoo wa Mjini

Umeanza na madesa, maliza na madesa. Mimi nilipata B bila kugusa kitabu hata kimoja. Hoja tatu kila kitabu, utangulizi mmoja wa kubandika popote, hitimisho moja. Kwisha kazi. Mtu mzima una mishe zako, riwaya utaisoma saa ngapi?

#3 Chapati za Jioni

Nimekaa siti ya mbele. Mdogo wangu anaingia kwenye pepa hilohilo mwaka huu.

#4 Ticha wa Zamu

Kopi Kumi, mdogo wangu, hiyo F naijua. Nimefundisha somo hili miaka 14 na kwenye mitihani ya majaribio naiona kila mwaka. Mtahiniwa anajaza kurasa nne, mwandiko safi, na hakuna mahali alipojibu swali. Ameulizwa mwandishi ametumiaje mhusika wa kike kuonyesha jambo fulani, yeye kamwaga dhamira zote saba kama mtu anayemwaga mchele aokote jiwe moja. Msahihishaji hana kazi ya kukuokotea.

Hebu tupige hesabu kidogo. Kwenye pepa la Kiingereza, Sehemu C ina alama 30 kati ya 100: insha mbili, 15 kila moja, na swali linakutaka uoneshe kwa vitabu viwili. D inaanzia 30, C inaanzia 45. Tofauti ya D yako na C unayoitaka haizidi 15. Insha moja tu hiyo, dada. Na huko kwenye Litricha ndiyo usiseme, pepa lenyewe ni la vitabu.

Jogoo, B yako sina shida nayo, swali lilikuangukia. Desa ni nguo ya mtumba: ikikukaa umependeza, isipokukaa sokoni hakuna saizi nyingine. Ila nikuulize kitu kimoja. Kwenye Weep Not, Child, Njoroge anaishia wapi?

#5 Jogoo wa Mjini

Si alijinyonga.

#6 Ticha wa Zamu

Asante. Kamba aliiandaa, hilo kweli. Lakini mama yake akaja akimwita gizani, Njoroge akaiacha, akafuata nyuma akijiona mwoga kwa kushindwa hata kufa. Kitabu kinafungwa akiwa amekimbilia nyumbani kuwafungulia mlango mama zake wawili. Sasa fikiria swali linauliza kama mwandishi ameacha tumaini lolote. Wewe umeshamzika kijana, utajibu nini?

Kopi Kumi, anza na Three Suitors. Usianze na riwaya, utachoka ukurasa wa 40. Tamthiliya ni jioni mbili, tatu ukisinzia. Soma kwa sauti, badilisha sauti kila mhusika akiingia, majirani watakusamehe. Kalamu weka pembeni, hakuna kuandika dhamira. Ukimaliza, rudi hapa utuambie Juliette alitaka nini.

Halafu nijibu: Kiswahili ulipata ngapi?

#7 Kopi Kumi

Kiswahili B, tena ya juu. Kitabu chenyewe sina mwalimu. Shuleni kwetu kilikuwa kimoja, anacho mwalimu, na mwalimu mwenyewe alihama tukiwa muhula wa kwanza. Hakuletwa mwingine.

#8 Nyati Mpweke

Maktaba ya mkoa dada, uliza hapo. Au watoto wanaokuja kutoa kopi dukani kwako, kuna mmoja ana kaka aliyemaliza na kitabu kiko chini ya godoro. Mtolee kopi za bure wiki nzima akuazime.

#9 Ticha wa Zamu

Ushauri wa Nyati ni mzuri kuliko wangu.

Na hiyo B ya Kiswahili ndiyo inayonipa moyo. Kule uliulizwa tamthiliya mbili, riwaya mbili, diwani, ukajibu. Nafsineni, yule anayesema kwenye shairi, unamjua, kejeli unaijua, mandhari unayajua, fani na maudhui umeyala tangu Kidato cha Tatu. Litricha ni nyumba ileile kwa mlango wa pili. Kinachokukwamisha ni lugha, na lugha ina dawa: hadithi isimulie kwanza kwa Kiswahili, kwa mtu ambaye hajaisoma. Akielewa, ndipo uiandike kwa Kiingereza, sentensi fupifupi, kwa wakati uliopo. Juliette anakataa, Atangana anapokea fedha. Ukianza kupanda na kushuka kati ya wakati uliopita na uliopo, nusu ya muda utaumaliza unafuta.

#10 Msomaji wa Thika

Salamu kutoka Kenya. Hapa kwetu kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, huwezi kukwepa kitabu hata ukitaka. Karatasi ya pili inaleta dondoo kutoka kwa kitabu cha lazima, alama 25, na swali la kwanza kwa kawaida ni nini kilitokea kabla ya dondoo hili, au nini kinafuata mara tu baada yake. Miongozo haikusaidii hapo. Karatasi ya tatu ndiyo ya insha, maswali matatu ya alama 20, moja likiwa riwaya ya lazima. Mwalimu wangu alikuwa anafungua riwaya ya Fathers of Nations popote, anasoma mistari mitano, tunamwambia nani anasema na kwa nini. Zoezi hilo liibe, hata kama nyinyi mtihani wenu hauulizi hivyo. Mtu anayeweza kusema kilichotokea kabla hawezi kukosa mfano.

#11 Kopi Kumi (siku tisa baadaye)

Nimerudi. Nimekipata kwa njia ya Nyati Mpweke, imenigharimu kopi za bure mpaka Ijumaa.

Wadau, kumbe ni kichekesho! Desa halikuniambia popote kwamba ile tamthiliya inachekesha. Nimeisimulia usiku tukichambua mchele, mama na mdogo wangu. Nikawaambia: Juliette yuko shule. Nyumbani baba yake Atangana ameshapokea faranga 100,000 za Ndi, mkulima kijana. Anakuja Mbia, mtumishi wa serikali, anaweka 200,000. Ukoo mzima unashangilia, hakuna aliyemuuliza binti. Juliette ana mwanafunzi mwenzake, Oko, anampenda, ila Oko hana hata senti. Basi binti anaziiba zile 300,000 nyumbani kwao, anampa Oko, Oko anakuja anazilipa mahari. Baba anapokea fedha zilezile.

Mama akaacha ungo. Kacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, halafu akanyamaza kidogo akasema, "Sasa huyo baba ana deni la watu wawili na binti ameshaondoka."

Mwalimu, nimeisoma desa zima upya kutafuta hoja hiyo ya mama. Haimo.

Kingine. Desa langu, ukurasa wa tatu, linasema Ndi ndiye mtumishi wa serikali na Mbia mkulima. Wamegeuzwa! Nimelitoa kopi mara ngapi? Mia kadhaa? Nusu ya watoto wa hapa wameenda kuandika hivyo kwenye pepa. Na mimi pia, mwaka ule. Nakumbuka kabisa niliandika hivyo.

#12 Chapati za Jioni

Mdogo wangu nimemuuliza sasa hivi Ndi ni nani. Kasema mtumishi wa serikali. Yuko Dodoma!

#13 Ticha wa Zamu

Ndiyo safari za desa hizo.

Mama yako angekaa kwenye pepa angepata A. Juliette alitaka kuulizwa. Anawauliza kabisa kama yeye ni bidhaa ya kuuzwa. Mwisho anapata anachotaka kwa kuitumia sheria yao wenyewe: mnataka fedha, fedha hizi hapa.

Sasa chukua The Lion and the Jewel, soma, halafu nijibu swali nililolitunga mwenyewe: Kwa kutumia tamthiliya mbili, onyesha kwamba mahari inaweza kumkandamiza mwanamke na inaweza kumlinda. Aya moja tu kwa kila kitabu. Kiingereza andika kwako daftarini, hapa tuwekee Kiswahili ili wote tufaidi.

#14 Kopi Kumi (siku sita baadaye)

Nimejaribu. Msinicheke.

"Katika Three Suitors mahari inamkandamiza mwanamke kwa sababu wazazi wanapenda fedha na wanamlazimisha Juliette kuolewa na mtu asiyempenda. Hii inatokea hata katika jamii yetu ya leo."

"Katika The Lion and the Jewel mahari inamlinda Sidi kwa sababu yeye anaitaka lakini Lakunle anakataa kuilipa kwa kuwa ni mila iliyopitwa na wakati."

#15 Ticha wa Zamu

Hakuna wa kukucheka, wengi humu hawafiki hapo. Ila ngoja niichane kidogo.

Aya ya kwanza: ukimpa mtu ambaye hajafungua kitabu, anaweza kuiandika? Anaweza. Basi ni aya ya desa. Weka vitu ambavyo vimo mle tu: 100,000 za Ndi zimo ndani tayari, zinakuja 200,000 za Mbia, na thamani ya binti inapanda mbele ya macho yake kama mnada. Anauliza kama anauzwa, hajibiwi. Fedha zinapoibwa, ukoo hauhuzuniki kuhusu Juliette, unahaha kutafuta mchumba mwingine wa kuziba pengo, na hapo ndipo anapoingia Tchetgen mfanyabiashara. Sentensi yako ya "jamii yetu ya leo" ifute, haina alama.

Aya ya pili imeanza vizuri ikaishia njiani. Kwa nini Sidi anaing'ang'ania mahari? Anasema kijiji kitamcheka, watadhani hakuwa bikira. Kwake mahari ni heshima yake mwenyewe mbele ya kijiji chao, Ilujinle. Lakunle, mwalimu wa kijiji anayemtaka Sidi, anajiona msomi, anaiita ushenzi, anahutubia. Sasa nenda mwisho kabisa, Sidi ameshatoka kwa Baroka, chifu wa kijiji. Lakunle anasema nini?

#16 Kopi Kumi

Anasema bado atamuoa, na kwa kuwa sasa si bikira basi suala la mahari lisahaulike!

Mwalimu. Huyu mwanaume hakuwa na usasa wowote. Alikuwa bahili.

#17 Ticha wa Zamu

Hapo. Andika hivyo. Kitu kilekile, mahari, kimemweka Juliette mnadani, na kimempa Sidi mahali pa kusimama. Msahihishaji aliyekwishasoma insha 200 za "ndoa ya kulazimishwa" akikutana na hiyo atakaa sawa kwenye kiti.

#18 Nyati Mpweke

Mimi nimemaliza shule 2006 lakini naenda kuitafuta hiyo tamthiliya.

#19 Chapati za Jioni

Mwalimu naomba tuhamie mashairi. Mdogo wangu anasema mashairi ndiyo yanamuua. Wamefundishwa "Building the Nation" la Henry Barlow, yule Mganda. Akiulizwa toni anaandika "toni ya furaha", eti kwa sababu mtu anajenga taifa.

#20 Dereva Kiti cha Mbele

Samahanini, mimi si mwanafunzi, nimepita tu. Hilo shairi linasemaje?

#21 Ticha wa Zamu

Karibu kaka. Anayesema ni dereva. Amempeleka Katibu Mkuu kwenye shughuli ya haraka ya kitaifa, na shughuli yenyewe ni chakula cha mchana hotelini. Bia baridi, kuku wa kukaanga, mvinyo, aiskrimu, kisha kahawa ili bosi asisinzie njiani. Wakati wa kurudi bosi anapiga miayo kiti cha nyuma, ndipo anakumbuka kumuuliza dereva kama amekula. Dereva anajibu hapana, anapunguza mwili. Bosi naye anamwambia hata yeye hajala, alikuwa kwenye mambo nyeti ya nchi, na mambo hayo yanampa vidonda vya tumbo.

#22 Dereva Kiti cha Mbele

Duh.

Nimeendesha mabosi miaka 11. Hiyo ya kupunguza mwili nimewahi kuisema, si kwa maneno hayo. Nilisema nimefunga. Ilikuwa Jumanne tu, wala si mfungo wowote. Unajibu huku unatazama barabara, maana ukimtazama kwenye kioo ataona unacheka, au ataona hucheki, na yote mawili ni kosa.

Huyo mtoto aambiwe dereva hana furaha. Ana njaa, na ana adabu ya kazi.

#23 Ticha wa Zamu

Kaka, hujui ulichokifanya. Hiyo ndiyo kejeli, na hakuna desa lililoieleza hivyo. Kwenye shairi dereva naye anajibu akitazama mbele, akitabasamu kwa siri.

Chapati, mwambie mdogo wako aweke alama sehemu tatu. Kwanza kichwa cha shairi, kikisomwa upya baada ya kufika mwisho: wajenzi wawili wa taifa wanarudi nyumbani wote wakiumwa tumbo, mmoja kwa shibe mmoja kwa njaa. Pili, jibu la kupunguza mwili. Tatu, neno moja la Kiswahili lililomo katikati ya Kiingereza. Bosi anamwita dereva "mwananchi". Anamwita hivyo wakati gani? Wakati anamdanganya kwamba hajala. Neno la kuwaunganisha watu limetumika kufunika sahani. Mtoto wa Kitanzania analisikia neno hilo kwa namna ambayo mtahiniwa wa London hawezi kulisikia, halafu analiruka kwa sababu anadhani si sehemu ya mtihani!

Na shairi asilolijua akipewa, afanye hivihivi. Nani anasema, anamwambia nani, na kuna neno gani limekaa kama mgeni. Tamathali za semi zije baadaye. Kuandika "kuna tashbihi mstari wa tatu" bila kusema inafanya kazi gani ni kuhesabu matofali.

#24 Kopi Kumi

Dereva, nimelia kidogo, shikamoo.

#25 Dereva Kiti cha Mbele

Marahaba mwanangu. Kaza.

#26 Msomaji wa Thika

Mleta uzi, hiyo Passed Like a Shadow je? Nimeona hujaitaja tena.

#27 Kopi Kumi

Niko nayo sasa. Majina yalikuwa yananichanganya, Adyeri, Amooti, Abooki, Atwoki, nilikuwa nayaandika kila moja kwa tahajia tatu. Mteja mmoja Mganda aliyekuja kuskani pasipoti ndiye kanieleza kwamba hayo ni majina ya heshima ya Watooro, kila mtu anapewa moja juu ya jina lake. Tangu siku hiyo hayanipotei.

#28 Ticha wa Zamu

Safi. Mengine haraka haraka, maana Oktoba imefika.

Baraza la Mitihani kila mwaka linatoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, iko kwenye tovuti yao bure. Mle kuna majibu halisi yaliyoskaniwa, mazuri na mabovu, na maelezo kwa nini. Ichapishe, wewe mashine unayo. Soma mabovu kwanza, utajikuta mle.

Pepa la Kiingereza muda wake ni saa tatu. Insha mbili za mwisho zitengee dakika 40 kila moja, na dakika tano za kwanza za kila insha usiandike chochote, ligeuze swali kwa Kiswahili kichwani mpaka liwe wazi. Chagua vitabu viwili kutokana na swali, si kutokana na unavyovipenda. Majina ya wahusika yakikutoka, andika cheo chake, "mwalimu wa kijiji", "babu", kuliko kubuni jina.

Usiku wa kuamkia pepa lala.

#29 Jogoo wa Mjini

Nimefuatilia kimyakimya. Ticha, ile ya Njoroge imenikaa, nimekitafuta kitabu. Nipo ukurasa wa 30, msiulize zaidi.

Ila Kopi Kumi, ukiwaambia watoto wote wasome vitabu, duka litakula nini?

#30 Kopi Kumi

Jogoo, duka lipo. Jana nimechukua ile masta, nikapaka wino mweupe ukurasa wa tatu, nikaandika kwa kalamu: Ndi mkulima, Mbia mtumishi wa serikali. Doa la chai nimeliacha.

Leo mchana kaja kijana wa Kidato cha Nne, katazama, kasema, "Dada hii siyo yenyewe, nipe ile ya zamani, wenzangu wote wanayo ile." Nikamwambia ile ina kosa. Akasema sawa, lakini wenzangu wote wanayo ile.

Nikamtolea hii iliyosahihishwa, mia sita yangu nikapokea. Halafu nikavuta droo nikamtolea na kitabu chenyewe, nikamwambia arudishe Ijumaa. Akakipima kwa kidole, akaniuliza kina kurasa ngapi.

Nikamwambia kinachekesha. Akakaa kwenye benchi la wateja, akafungua. Nilipofunga duka saa kumi na mbili bado alikuwa amekaa pale nje, ametandika begi, yuko kwa Mbia.